Damu Iliyoandikwa kwa Kalamu ya Risasi

Usomaji wa mwisho wa Minza Lugembe ulimfikia siku ya Alhamisi, saa tatu asubuhi. Alipoona ni Alhamisi alitabasamu peke yake. Mizani, kompyuta iliyosimamia damu za wagonjwa, haikujua siku wala sikukuu. Ilituma usomaji pale tu hesabu zilipogoma kukubaliana. Lakini Minza alikuwa mtoto wa Alhamisi, na mambo makubwa ya maisha yake yalikuwa na tabia ya kumfuata siku hiyo.

Chumba chake kilikuwa nyuma ya jengo la Bodi ya Damu, jijini Mwanza, mahali palipokuwa stoo zamani. Mlikuwa na meza, kioo cha Mizani ukutani, na kabati. Kabatini alihifadhi hadubini aliyoiokoa siku maabara ya mwisho ilipovunjwa, pamoja na kipimio cha mezani cha enzi zile, ambacho bado kiliweza kusoma tone moja la damu. Nje ya mlango kulikuwa na benchi la mbao ambalo hakuna aliyelikalia kwa miaka.

Watu wa kanda ile waliosalia na ugonjwa wa selimundu walikuwa mia nne na kumi na wawili, Minza akiwa mmoja wao. Kila mmoja alikuwa na kupe chini ya ngozi ya mkono. Serikali ilikuwa imekipa kifaa kile jina refu. Watu waliona kitu kidogo kama punje ya mtama, kinachokaa mwilini na kuonja damu kila saa, wakakiita kupe, basi. Kupe hakumwambia mwenyewe alichoonja. Alimwambia Mizani, na Mizani ikamwashia mwenyewe taa kifundoni mwa mkono. Kijani, endelea na shughuli zako. Manjano, kunywa maji upumzike. Nyekundu, kaa hapo hapo ulipo, gari linakuja. Kasha la dawa la nyumbani nalo lilipokea amri yake na kutoa kidonge kinachostahili, asubuhi kwa asubuhi.

Namba hakuna aliyeambiwa. Utafiti wa miaka mingi ulikuwa umeonyesha kwamba namba huwatia wagonjwa hofu na haziwaongezei uhai hata siku moja. Minza aliusoma utafiti ule mara mbili, akitafuta kosa. Hakuliona.

Sheria ilimbakiza binadamu mahali pamoja tu: pale ambapo Mizani ilipata habari mbili zinazopingana kuhusu damu ya mtu mmoja. Hapo alihitajika msomaji. Wasomaji walipata kuwa kumi na mmoja. Sasa alikuwa peke yake, ana miaka hamsini na minane, na mwisho wa mwezi angestaafu. Nyumba ya mama yake huko Ngudu ilikuwa imeshapigwa chokaa ikimsubiri. Hakuwa ameishi pale kwa miaka arobaini, lakini aliweza kuhesabu hatua kutoka mlangoni hadi jikoni akiwa amefumba macho.

Uso wa Sendui, ofisa wa Bodi, ulijitokeza kwenye kona ya kioo.

"Shikamoo, Bi. Minza. Umeuona?"

"Marahaba. Nimeuona."

"Ni huo tu. Ukiufunga leo, karatasi zako za kustaafu zinatoka keshokutwa. Vijana wameshaagiza keki."

"Keki ya nini?"

"Ya kukuaga, mama yangu! Ulifikiri tutakuaga kwa chai kavu?"

"Na nisipoufunga?"

Sendui alicheka, kisha akaona kwamba mwenzake hacheki. "Usomaji ukiwa wazi unajua mwenyewe. Unabandikwa hadharani. Aliyeandikwa humo hakatiwi dawa na hahamishwi popote. Na wewe hustaafu, maana lazima uuhuishe kila wiki kwa mkono wako, mgonjwa akiwa mbele yako. Nani anataka adhabu hiyo? Sijawahi kuona usomaji uliokaa wazi zaidi ya siku tisa."

"Kumi na moja. Wa msomaji mwenzangu, marehemu Ngassa, mwaka wa sitini na tatu."

"Basi kumi na moja," alisema Sendui, akaondoka.

Minza akausoma. Kwandu Shigela, mwanamke, miaka thelathini na minne, fundi wa pampu za maji, Igoma. Miezi mitano iliyopita wingi wa damu yake ulikuwa nane nukta tisa. Sasa ulikuwa saba nukta sita. Seli changa, zile ambazo uboho huzitoa haraka haraka kufidia zilizokufa, zilikuwa asilimia sita. Sasa zilikuwa kumi na tatu. Na ukubwa wa seli ulikuwa umeshuka kutoka mia moja na kumi na mbili hadi tisini na saba.

Namba hiyo ya tatu ndiyo iliyoleta ugomvi. Haidroksiyurea, dawa ambayo wagonjwa wa selimundu waliimeza tangu Minza akiwa mtoto, huzifanya seli nyekundu ziwe kubwa. Za mtu wa kawaida huwa kati ya themanini na mia. Za mgonjwa anayemeza dawa yake vizuri huweza kupita mia na kumi. Akiacha, hurudi taratibu, kwa kuwa seli kubwa za zamani lazima zife kwanza. Ndiyo maana ukubwa wa seli ni shahidi asiyeweza kuhongwa. Kasha lilisema kwamba Kwandu alichukua kidonge chake kila asubuhi bila kukosa. Damu ilisema hapana.

Mizani iliweka mbele ya msomaji majibu matatu. La kwanza, hatumii dawa: afutwe daftarini, kwa kuwa duniani ulibaki mtambo mmoja tu wa kutengeneza dawa ile na hapakuwa na kidonge cha kuchezea. La pili, amepungukiwa na madini ya chuma, ambayo pia hufanya seli zisinyae: apewe chuma. La tatu, kupe ni mbovu: abadilishwe. Chini kabisa kulikuwa na nafasi iliyoandikwa Nyingine, ambayo waliounda Mizani waliiweka kwa adabu tu.

Minza alikuwa na jibu kabla hajafika mwisho. Haikuwa chuma, uboho uliopungukiwa na chuma hauwezi kutoa seli changa kwa fujo namna ile. Wala hazikuwa seli za mtu aliyeacha dawa. Kwa miezi mitano zingekuwa zimeshuka chini zaidi. Zilikuwa seli za mtu anayemeza nusu. Alizijua kama mtu anavyoujua mwandiko wa ndugu yake. Alikuwa nazo mwenyewe alipokuwa na miaka kumi na mmoja.

*

Kliniki ya Alhamisi, mwaka wa elfu mbili ishirini na nne, ilikuwa na mabenchi sita na choo kimoja. Wazazi walikaa, watoto wakazurura kati ya magoti. Kwa wakubwa ilikuwa shikamoo. Watoto wenyewe kwa wenyewe walikuwa na salamu yao.

"Ngapi?"

"Saba nukta nne," alijibu Minza kila mara.

"Nane na nusu," alisema mwingine.

"Nane na nusu! Huyo si mgonjwa, amekuja kusindikiza."

Mdogo wake, Luhende, alikuwa sita nukta tisa, na aliitamka namba hiyo kama mchezaji anayetaja namba ya jezi. Akija mtoto mpya akaulizwa ngapi, akajibu sijui, wenzake wote walimjibu kwa pamoja: "Utaambiwa." Halafu walimsogezea nafasi kwenye benchi.

Aliyewaambia alikuwa Bwana Kalikawe, mtaalamu wa maabara, mtu mrefu aliyeinamia watoto kama anayetafuta kitu kilichoanguka. Hakumpa mtu karatasi bila kuisoma naye. "Usijipime kwa damu ya jirani," alimwambia Minza. "Saba nukta nne kwa mwenye duka pale nje ni kulazwa leo hii. Kwako wewe ni nyumbani. Ukifika sita, umetoka nyumbani, njoo mbio. Ukifika kumi, njoo pia, maana kuna aliyekosea, wewe au mimi."

Mfukoni alikuwa na kalamu mbili. Alichokiona kwa macho alikiandika kwa wino. Alichokidhania alikiandika kwa kalamu ya risasi, na kila mtu katika maabara ile alijua maana yake: hili linasubiri Alhamisi ijayo. Likithibitika, linapitiwa wino. Lisipothibitika, linafutwa.

Dawa alikuwa amepewa Minza peke yake, kopo moja la kijani kwa mwezi. Luhende alikuwa kwenye orodha ya kusubiri. Mama yao alifungua vidonge juu ya vikombe viwili vya uji, akagawa unga wake kwa ncha ya kisu, sawa kwa sawa, kama alivyogawa nyama, nguo na makofi. Minza alikumbuka harufu ya uji ule wa ulezi, na jinsi Luhende alivyolamba kikombe mpaka akajipaka pua.

Kisha ikaja Alhamisi ambayo Bwana Kalikawe aliweka kadi mbili za kliniki kando kando na kumwita mama yao.

"Mama Luhende, nina tatizo la hesabu. Huyu binti anatumia dawa, na damu yake inasema ameipunguza. Huyu kijana hatumii dawa, na damu yake inasema ameianza."

Mama alitazama viatu vyake.

"Wanakula chungu kimoja?"

"Chungu kimoja, bwana."

"Basi hesabu imekubali," alisema Bwana Kalikawe. Daktari angejua, angemtoa Minza kwenye mpango wa dawa. Ndivyo kanuni ilivyokuwa. Kwa hiyo alichukua kalamu ya risasi, na kwenye kadi ya Minza akaandika: upungufu wa madini ya chuma. "Nitatafuta kopo la pili. Alhamisi ijayo nitalifuta hili."

Walirudi nyumbani wakila karanga. Kwa miaka mingi Minza alilihesabu tendo lile kuwa wema mkubwa kuliko wote aliopata kutendewa na mtu asiye ndugu.

*

Kwandu Shigela alifika saa nane mchana, taa ya kifundoni ikiwa ya manjano.

"Shikamoo mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Marahaba. Kaa. Miguu inauma?"

"Kidogo."

"Kidogo ya kweli au kidogo ya kliniki?"

Kwandu aliguna akacheka. "Ya kliniki."

Minza akakigeuza kioo ili mgeni wake aone. Hilo halikukatazwa, hapakuwa na aliyelifanya tu. Kwandu aliziangalia namba kama mtu anayeangalia picha yake aliyopigwa usingizini.

"Hizi ndizo mimi?"

"Ndizo wewe. Hii ni wingi wa damu. Usiilinganishe na ya mtu mwingine. Ilinganishe na yako ya siku ulizokuwa mzima. Nyumbani kwako ni nane nukta tisa. Sasa uko saba nukta sita, umetoka nyumbani. Hizi ni seli changa. Zikiwa nyingi hivi maana yake uboho unakimbizana na seli zinazokufa. Na huu ni ukubwa wa seli." Aliigusa namba kwa kidole. "Huu ndio unaosema kama dawa imefika. Unamgawia nani?"

"Kasha linajua kwamba nachukua zote."

"Kasha halina tumbo, mwanangu."

Kwandu aliangalia mlango. Aliposema tena, alisema haraka, kama fundi anayetaja vipuri. "Andika kupe mbovu."

"Watakuwekea mpya Jumatatu, naye atasema yale yale."

"Basi andika chuma. Nimesikia wapo walioandikiwa chuma."

"Unamgawia nani?"

"Binti yangu," alisema Kwandu. "Ana miaka sita. Limi."

Daftari la wagonjwa lilifungwa miaka tisa iliyopita. Tangu hapo kila mtoto mchanga alichomwa sindano ya marekebisho katika juma lake la kwanza, na taifa lilitangaziwa kwamba selimundu itakwisha na kizazi kilichopo. Mgonjwa wa miaka sita hakuwezekana.

"Hakuchomwa?"

"Alichomwa siku ya nne. Cheti ninacho. Haikushika. Vidole vyake vilivimba akiwa na miezi minane. Mayu, mimi nimekulia ndani ya ugonjwa huu. Ningeacha kuvijua vidole vile?"

"Na kupe hana?"

"Hana. Akiumwa namwambia mwalimu ni malaria. Tangu mwaka huu uanze maumivu yalizidi, ndipo nikaanza kumgawia." Alijifuta uso kwa kiganja. "Utaniuliza kwa nini sikutoa taarifa. Kuna wazazi wa Magu walitoa taarifa. Mtoto wao alipelekwa kwenye kituo cha utafiti cha serikali kuchunguzwa kwa wiki mbili. Mwaka wa pili huu. Mama yake anamwona kwenye kioo siku za Jumapili."

Minza alikuwa amesikia habari hiyo na kuamua kwamba ni uvumi. Sasa alijiuliza aliamua kwa ushahidi gani.

"Yuko wapi sasa hivi?"

"Hapo nje kwenye benchi. Nimemwambia wewe ni fundi cherehani."

*

Limi aliingia akiwa ameshika kiatu kimoja mkononi, akakikagua chumba kona kwa kona.

"Cherehani yako iko wapi?"

Minza alifungua kabati, akaitoa hadubini, akaifuta vumbi. "Hii hapa."

"Inashona nini?"

"Inahesabu. Wewe ngapi?"

Mtoto alimtazama mama yake, kisha akamgeukia Minza. "Sijui."

"Utaambiwa," alisema Minza.

Alimtoboa kidole. Limi hakulia, aliikunjia sindano uso. Tone la kwanza lilikwenda kwenye kipimio cha mezani. La pili Minza alilichanganya na rangi ya buluu, akasubiri, akalipaka kwenye kioo chembamba, akainama. Mikono ilikumbuka kazi kabla ya kichwa. Alihesabu seli elfu moja, akibonyeza kidude cha kuhesabia kwa kidole gumba, akitenga zile changa zenye nyuzi za buluu ndani. Asilimia tisa. Kisha akampisha mtoto achungulie.

"Naona ndizi," alisema Limi.

"Wengine huziita mundu. Ndizi ni jina zuri zaidi. Sikiliza: wewe ni saba nukta nane. Ukiulizwa ngapi, ndivyo utakavyojibu."

"Saba nukta nane," alirudia Limi, akatoka kwenda kuliambia benchi.

Ukubwa wa seli zake ulikuwa tisini na sita. Mtoto wa umri ule asiye na dawa angekuwa na themanini na kitu. Nusu ya kidonge ilifanya kazi yake kwa wote wawili, na haikumtosha yeyote.

"Sasa utaandika?" aliuliza Kwandu. "Utaandika chuma?"

Minza aliketi. Alimweleza habari ya vikombe viwili vya uji, na ya kalamu ya risasi. Kwandu alitabasamu hapo, kama kila aliyeisikia hadithi ile. Lakini wengine Minza alikuwa akiwaishia hapo.

"Bwana Kalikawe alihamishwa Jumatatu iliyofuata," aliendelea. "Alipelekwa Kigoma, kwa barua ya siku moja. Alhamisi hakuwepo wa kufuta. Kadi zetu zilikuwa zimejaa, karani akazinakili kwenye kadi mpya. Alikuwa karani mwangalifu. Alinakili kila neno, yote kwa wino."

"Ee."

"Daktari akaona wino, akaniandikia vidonge vya chuma. Miaka mitatu. Na mama yangu, unajua alivyokuwa: kilichokuwa changu kilikuwa cha Luhende. Luhende aliongezwa damu mara ishirini na mbili maishani mwake. Kila mfuko wa damu huja na chuma chake, na mwili hauna mlango wa kukitoa; unakipanga kwenye ini na kwenye moyo. Moyo wake ulisimama akiwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni nilipoipata kadi yake ya mwisho na kuisoma kama ninavyokusomea wewe."

"Kwa hiyo vile vidonge ndivyo..."

"Hapana. Sayansi haiwezi kusema hivyo. Damu alizoongezwa zilileta chuma kingi zaidi kuliko vidonge. Inachoweza kusema ni kwamba havikumsaidia, na kwamba hakuna aliyejua kuwa havikutakiwa."

Nje walimsikia Limi akiimba namba yake.

"Alikuwa mtu mwema," alisema Kwandu polepole.

"Sijapata kumwona mwema zaidi. Alipanga kufuta Alhamisi." Minza alikitazama kioo. "Mizani haina kalamu ya risasi. Kila usomaji ninaoufunga, inajifunza. Nikiandika chuma leo, itaamini kwamba seli zikisinyaa huku seli changa zikipanda, dawa yake ni chuma. Tuko mia nne na kumi na wawili. Kasha litatoa vidonge lenyewe, na hakuna atakayeuliza, maana hakuna anayejua namba zake. Mimi mwenyewe nimeongezwa damu mara thelathini na moja. Asubuhi kasha langu likinipa chuma, nitameza."

"Na ukiandika ukweli wanamchukua."

"Nikiufunga, ndiyo."

Kwandu alikuwa fundi. Neno lile dogo hakuliacha lipite. "Ukiufunga?"

Minza alimweleza kanuni ya usomaji ulio wazi. Aliieleza bila kuipamba: kila aliyeandikwa humo hapunguziwi dawa, hahamishwi, Mizani haijifunzi kitu kutoka kwenye usomaji huo, kila mtu anaweza kuusoma, Bodi ikiwa ya kwanza. Ukweli ungekuwa juu ya meza, lakini ungebaki kuwa swali.

"Kila wiki lazima mje, nimpime kwa mkono wangu, nihuishe."

"Kila wiki mpaka lini?"

"Mpaka nitakapokufa, au akili itakaponihama."

"Na ukifa?"

"Labda watamchukua. Labda watakuwa wamezoea kumwona. Sijui, na sitakudanganya."

Kwandu aligeukia mlango, kule sauti ya mtoto ilikotoka. Minza naye alikuwa na lake la kufikiria. Kutoka mlangoni hadi jikoni, Ngudu, ni hatua kumi na nne. Kwenye rafu ya jikoni, kama waliopiga chokaa hawakuviondoa, vilikuwepo vikombe viwili vya bati. Alikuwa amepanga kunywea kimoja chai yake ya kwanza ya kustaafu, mbele ya mlango, saa ambayo jua linaufikia mkorosho. Alikuwa amekipanga kikombe kile kwa miaka. Aliipima hamu ile kama anavyopima kitu kingine chochote, akaiona ni kubwa, akaona pia kwamba ukubwa wake haubadilishi namba yoyote iliyokuwa mbele yake.

"Jina lake siandiki bila wewe kukubali," alisema.

"Anaitwa Limi Shigela," alisema Kwandu. "Andika."

Kwenye nafasi ya Nyingine, Minza aliandika: *Dozi moja, watu wawili. Wa pili ni Limi Shigela, miaka sita, aliyechomwa marekebisho siku ya nne, hayakushika. Damu 7.8. Seli changa asilimia 9, zimehesabiwa kwa jicho. Ukubwa wa seli 96. Kila mmoja anahitaji dozi yake kamili.* Mizani iliuliza kama aufunge. Alibonyeza hapana. Ikauliza tena, kwa kuwa haikuzoea jibu hilo. Alibonyeza hapana.

Sendui alijitokeza kabla Kwandu hajafika mlangoni.

"Bi. Minza! Umeandika mtoto. Hakuna mtoto! Daftari limefungwa!"

"Yuko hapa nje ana kiatu kimoja. Aliyeandikwa kwenye usomaji ulio wazi hakatiwi dawa. Kwa hiyo tuma kasha la pili Igoma."

"Hakatiwi aliyonayo! Huyu hana ya kukatiwa."

"Anayo nusu, tangu mwaka uanze. Soma kifungu, kisha unionyeshe kinaposema nusu haihesabiwi."

Sendui alisoma. Midomo yake ilitembea. "Dodoma wataliona hili."

"Ndiyo maana nimeliandika."

"Watabadilisha sheria, mama."

"Waibadilishe. Watatakiwa waandike sababu, na sababu yenyewe ina miaka sita na inajua namba yake."

Sendui aliuliza kwa sauti ya mtu aliyeshindwa na kitu kidogo, "Na keki?"

"Ileteni Alhamisi."

*

Keki ililetwa. Ilikuwa imeandikwa *Kwaheri Bi. Minza* kwa krimu ya buluu, na Limi alikuwa amekwisha kula *Kwaheri* yote ilipotimu saa nne. Kasha la pili lilikuwa limefika Igoma siku ya Jumanne, bila barua. Kutoka Dodoma hakuna aliyekuwa amesema neno. Minza hakuuchukua ukimya ule kuwa ushindi. Aliuandika kichwani kwa kalamu ya risasi.

Alimpima Limi mapema: saba nukta tisa. Alimweleza Kwandu kwamba tofauti ya nukta moja ni ya kipimio, si ya damu, asifurahi bado. Kwandu alisema amesikia, akafurahi.

Minza alikuwa akiosha kioo cha hadubini aliposikia hatua ukumbini. Alichungulia kupitia mlango ulioachwa nusu wazi. Mwanamume asiyemfahamu, mwenye vumbi la safari ndefu kwenye suruali, alikuwa amesimama mbele ya benchi na bahasha ya kaki kifuani. Ukubwa wa bahasha ile Minza aliujua. Ndimo vilimokaa vyeti vya sindano ya siku za kwanza. Nyuma ya mguu wa yule mwanamume alijificha binti mdogo mwenye sweta la manjano, na vidole alivyoishikia suruali ya baba yake vilikuwa vinene pasipo sababu.

"Nimesoma kwenye ubao," alisema yule mwanamume, bila kumwelekea mtu yeyote. "Ule usomaji ulio wazi. Tumetoka Bariadi."

Kwandu alisimama kumpisha. Limi hakusimama. Alimtazama mwenzake kuanzia sweta hadi viatu, krimu ya buluu ikiwa bado kidevuni.

"Ngapi?"

Yule binti aliinua macho kwa baba yake.

"Sijui," alisema.

Limi alijisogeza mpaka mwisho wa benchi, akapapasa nafasi iliyobaki.

"Utaambiwa."